Shuka la msimu wa joto: lipulize kabla hujalipia

Kama unalala ukitoka jasho, hasa Dar au Mombasa kuanzia Januari hadi Machi, usichague shuka kwa kulipapasa tu. Linaloteleza dukani mara nyingi ni poliesta, na usiku litakuganda mgongoni. Likunjue libaki tabaka moja, liweke mdomoni upulize, kiganja kikiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi waziwazi, hewa inapita, na joto la mwili litapata pa kutokea. Idadi kubwa ya nyuzi (thread count) iliyoandikwa kwenye pakiti isikubabaishe: nyuzi zikibanana sana hewa hukwama. 200 hadi 400 kwa inchi ya mraba zinatosha kabisa.

Kipimo hiki cha kupuliza hudanganywa na poliesta nyepesi, maana inapitisha hewa lakini hainywi jasho. Ukiwa na shaka, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome kwa kiberiti (nje ya duka, tafadhali). Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Na kama godoro bado umeliacha na nailoni yake ya dukani, hakuna shuka litakalokusaidia.