Roketi ya mfano na upepo: uthabiti nao una kipimo chake

Roketi yangu ya tatu niliitengeneza kwa woga. Ya pili ilikuwa imebiringika angani kama kishada kilichokatika mkia, basi hii nikaipa mapezi makubwa na bonge la plastisini puani. Siku ya kurusha, upepo ulikuwa wa kawaida tu. Ikatoka kwenye fimbo ya kurushia, ikaelekeza pua upepo unakotoka, ikaenda karibu kulala, na parachuti likafunguka ikiwa tayari inashuka. Haikukosa uthabiti, ilikuwa nao kupita kiasi. Tangu hapo napima hivi.

1. Tafuta kitovu cha uzito. Pakia kila kitu kwanza: parachuti, karatasi ya kulikinga na moto, na hasa injini mpya, kwa kuwa inakaa mkiani na baruti yake yote ni uzito wa nyuma. Ilaze roketi juu ya ukingo wa rula hadi isielemee upande wowote. Tia alama ya penseli.

2. Tafuta kitovu cha msukumo wa hewa, yaani pale nguvu za hewa zinapokutania. Wengi hukata umbo la roketi kwenye kadibodi na kulisawazisha juu ya rula. Njia hiyo huchukulia kwamba hewa inaipiga roketi ubavu mzima, hivyo kitovu huonekana kiko mbele kuliko kilivyo, nawe unaongeza plastisini ya bure. (Ndivyo nilivyoponzwa.) Afadhali hesabu za kutafuta kitovu hicho alizotunga mhandisi James Barrowman miaka ya 1960, na OpenRocket, programu ya bure, itakufanyia ukiingiza vipimo vya pua, bomba na mapezi.

3. Pima pengo. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, upande wa pua. Gawanya umbali kati ya vitovu viwili kwa kipenyo cha bomba. Bomba la sentimita 2.5 lenye pengo la sentimita 3.75 linakupa 1.5, na hapo ni pazuri. Chini ya 1 usirushe. Ukipita 2 kwa mbali, mkia unashikwa na upepo kuliko pua, na roketi inageuka kama kile kishale cha juu ya paa kinachoonyesha upepo unakotoka.

Ukitaka kuhakikisha, funga uzi wa mita 2 au 3 kwenye alama ya penseli, uizungushe roketi juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, basi.

4. Kokotoa kasi ya kuacha fimbo. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua. Roketi ikiwa bado kwenye fimbo, fimbo ndiyo inayoinyoosha. Ikishatoka ni mapezi peke yake, nayo hayana nguvu bila kasi. Upepo ukiwa wa mita 4 kwa sekunde na roketi ikitoka kwa mita 16, hewa inaipiga kwa mshazari wa digrii 14. Ikitoka kwa mita 8, ni digrii 27. Mimi hutaka kasi iwe angalau mara 4 ya upepo.

Chukua roketi ya gramu 100 inayosukumwa mwanzoni kwa niutoni 12. Toa niutoni 1 ya uzito wake, zinabaki 11; gawanya kwa kilo 0.1, unapata mchapuko wa 110. Kwa fimbo ya mita 1, kasi ni kipeuo cha pili cha 2 × 110 × 1, karibu mita 15 kwa sekunde. Ibandike gramu 40 za plastisini, kasi inashuka hadi 12, huku pengo la vitovu likizidi kupanuka. Umejidhuru mara mbili. Refusha fimbo hadi mita 1.5 na ile ya gramu 100 inatoka kwa 18. Fimbo iwe nene kidogo, isiyumbe.

5. Uwanjani. Kanuni za usalama za NAR, chama cha warushaji roketi za mfano cha Marekani, zinakataza kurusha upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, au fimbo ikiinama zaidi ya digrii 30 kutoka wima. Kwa roketi ndogo mimi naahirisha hata kwa nusu ya upepo huo.

Kumbuka pia kurudi. Ikishuka kutoka mita 200 kwa mita 4 kwa sekunde, inakaa hewani sekunde 50, na upepo wa mita 5 utaipeleka mita 250. Ili ishuke upesi zaidi, toboa tundu katikati ya parachuti, au tumia utepe badala yake. Huku pwani mimi hurusha saa moja asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaamka.