SOMO: Grafu ya pendulamu hatua kwa hatua (tafadhali msome mpaka mwisho kabla ya kuuliza)

Wakuu, habari za jioni. Kila praktiko zikikaribia naulizwa lilelile: "grafu inachorwaje?" Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena ataletewa hapa.

Kwanza jua unachora grafu ya aina gani. Vitu vya makundi, kama mbuzi, ng'ombe na kuku wa kijiji, ni grafu ya nguzo, na nguzo zinaachiana nafasi. Vipimo vilivyokatwa vipandevipande (miche ya sm 0 hadi 5, 5 hadi 10) ni histogramu, nguzo zinagusana. Kitu kizima kilichogawanywa ni duara: asilimia 25 ni nyuzi 90, nyingine piga mwenyewe. Kipimo kimoja kikibadilika na kingine kikakifuata, hiyo ni grafu ya mstari, na ndiyo inayoliza watu.

Tutumie pendulamu, yaani kitufe kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea. Huu ni muda wa mizunguko 20, yaani kwenda na kurudi mara 20:

Urefu sm 20: sekunde 17.9
sm 40: 25.4
sm 60: 31.1
sm 80: 35.9
sm 100: 40.1

Gawa kwa 20 upate T, muda wa mzunguko mmoja, kisha T mara T. Utapata T² = 0.80, 1.61, 2.42, 3.22, 4.02.

1. Kichwa: Grafu ya T² dhidi ya l (l ni urefu).

2. Ulichokibadilisha wewe (urefu) kinalala chini. Kilichokujibu (T²) kinasimama. Andika na vipimo vyake, sm na s².

3. Skeli. Hapa taratibu, maana hapa ndipo nilipoumbuka. Kidato cha pili tuliambiwa tuchore T dhidi ya l. Nikachukua namba za jedwali nikazipanga kwenye mhimili wima kama zilivyo: 0.90, 1.27, 1.56, 1.80, 2.01, kila moja sentimita 2 kutoka kwa mwenzake. Nikaunganisha. Mstari ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi! Jirani yangu akanakili. Karatasi zote mbili zikarudi na sifuri na swali la kalamu nyekundu: kutoka 0.90 hadi 1.27 ni ngapi, na kutoka 1.80 hadi 2.01 je? Ni 0.37 na 0.21. Mimi nilizipa nafasi sawa. Ukipanga hivyo hata namba za simu zitatoa mstari ulionyooka. Na ile grafu ilitakiwa ipinde.

Kwa hiyo: mhimili unapandwa kwa hatua sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, namba za jedwali zitatafuta mahali pake zenyewe. Hapa nimetumia sm 1 kwa sm 10 chini, na sm 1 kwa 0.2 s² pembeni. Hatua ziwe za 1, 2 au 5 na ndugu zao wa makumi. ONYO: usitumie 3 wala 7. Utaitafuta 1.61 kwenye skeli ya 3 mpaka kengele igongwe. ONYO la pili: grafu ivuke nusu ya karatasi kila upande, isijikunyate kwenye kona kama kuku aliyenyeshewa.

4. Weka alama ya x ndogo, penseli iliyochongwa.

5. Mstari mmoja wa rula, pointi zilizobaki nje zigawanyike juu na chini. Usiunganishe nukta kwa nukta.

6. Slopu, yaani mwinuko wa mstari (kupanda gawa kwa kwenda mbele): chagua sehemu mbili zilizo mbali, JUU YA MSTARI, si kwenye jedwali. Mimi nimesoma (sm 10, 0.40) na (sm 90, 3.62). 3.22 gawa kwa mita 0.8 ni 4.03. Slopu hii ni 4π²/g, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa hiyo g ni 39.48 gawa kwa 4.03, yaani 9.8 m/s². Mkisahau kugeuza sm kuwa mita, msinililie.

MASWALI

kidato4_pwani: Mkuu nichoree hii natakiwa kesho asubuhi 🙏

Hatua ya 1 hadi 6.

kidato4_pwani: Skeli ya 3 kwani ina ubaya gani?

Hatua ya 3. Umeruka.

binti_maabara: Shikamoo mwalimu. Kwa nini T² na si T yenyewe?

Marahaba. Si mwalimu, nimekaa tu maabara miaka mingi. Tazama jedwali: urefu ukitoka 40 kwenda 80 umekuwa mara mbili. T imetoka 1.27 hadi 1.80, haijafika mara mbili. T² imetoka 1.61 hadi 3.22. Umeona? Kwa hiyo T inapinda na T² inanyooka, na mstari ulionyooka ndio unaotupa slopu moja. Chora zote mbili siku ukiwa na nafasi, utafurahi.

mzee_wa_kanuni: Umesahau kusema mstari lazima upite sifuri. Sisi tulifundishwa kuulazimisha.

Sijasahau, nimekataa. Ukipima uzi peke yake ukasahau kwamba urefu unaishia katikati ya kile kitufe, kitufe cha nusu-kipenyo sm 1 kitaupandisha mstari ukate mhimili wima kwenye 0.04. Slopu inabaki ileile. Ukiulazimisha sifuri unaharibu slopu iliyokuwa nzima.

mwl_wa_jiografia: Nyongeza: mvua na joto hukaa karatasi moja, mvua nguzo, joto mstari, mihimili wima miwili. Kwa Dar utaona masika na vuli kama vilima viwili.

Asante. Wasichanganye tu mhimili upi ni wa nani.

mtoto_wa_mbeya: Grafu yetu ya kuchemsha maji imelala kwenye nyuzi 94, haipandi. Thamometa mbovu?

Nzima hiyo! Mbeya mko juu, kama mita 1,700, hewa inakandamiza kidogo na maji yanachemka mapema, takriban nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Kulala pale ndiko kuchemka kwenyewe: moto wote unaenda kugeuza maji kuwa mvuke.

fundi_redio: Natumia nati na uzi wa kushonea nyumbani. g inatoka 10.9 kila nikirudia. Nimepima uzi mara tatu.

Vifaa safi. Ukiachia nati unasema nini?

fundi_redio: "Moja".

Basi ukifika 20 imezunguka mara 19 tu. T inapungua, g inapanda: 9.8 inakuwa karibu 10.9. Ukiachia sema "sifuri".

fundi_redio: 9.7!

Iandike hivyohivyo 9.7. Usiisukume.