Kupima eneo la uso wa mkaa wa vifuu kwa naitrojeni

Gramu moja ya mkaa amilifu wa vifuu vya nazi huweza kuficha uso wa mita za mraba 1,000. Uso huo umo ndani ya vitundu, kwa hiyo tunaufunika kwa molekuli za naitrojeni, kisha tunahesabu zilizotosha tabaka moja. Nadharia ni ya Brunauer, Emmett na Teller, 1938, ndiyo BET.

1. Pima neli ya kioo ikiwa tupu, tia mkaa, kisha upashe moto nyuzi 300 za Selsiasi huku pampu ikivuta hewa, usiku kucha. Msiharakishe hapa, nawasihi. Mkaa hunywa unyevu, hasa huku pwani, na kitundu chenye maji hakina nafasi ya naitrojeni. Niliwahi kuitoa sampuli baada ya saa moja kwa nyuzi 100: sindano ya shinikizo ilihangaika asubuhi nzima, siku ikapotea.

2. Ipime tena ikishapoa. Uzito huu wa pili, ukitoa ule wa neli tupu, ndio wa hesabu.

3. Tumbukiza neli kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi −196. Vaa miwani na glavu. Heliamu hutumika kujua nafasi tupu iliyobaki ndani ya neli.

4. Ingiza naitrojeni kidogo kidogo, kila mara ukingoja shinikizo litulie.

5. Chora mstari wa BET. Vitabu husema P/P₀ (shinikizo la naitrojeni likigawanywa kwa shinikizo lake la kugeuka kimiminika) iwe kati ya 0.05 na 0.30, lakini vitundu vya mkaa huu ni vyembamba mno. Teremka chini ya 0.1. Ujazo wa tabaka moja, kwa sentimita za ujazo kwa gramu, zidisha kwa 4.35. Ukipata 230, uso ni kama mita za mraba 1,000.

Maswali

*Mwalimu, shikamoo. C yangu, ile namba thabiti ya mlinganyo wa BET, imetoka hasi.*
Marahaba. Umechukua pointi za juu mno. Zipunguze toka juu hadi mstari ukate mhimili wima juu ya sifuri. C hasi haina maana yoyote. Usiiandike kwenye ripoti.

*Sisi kikundi chetu tunachoma vifuu kwa ajili ya chujio za maji. Mashine hiyo hatuna.*
Tumieni namba ya ayodini, dada: miligramu za ayodini zinazonaswa na gramu moja ya mkaa. Inahitaji bureti (neli yenye vipimo ya kudondoshea), wanga na thiosulfeti (kemikali inayomaliza ayodini iliyobaki). Haitawapa mita za mraba, ila itawaonyesha kama tanuri la leo limezidi la juzi.