Namna ninavyochagua chama cha kupigia kura, karatasi kwa karatasi

Mpwa wangu alikuja dukani juzi na suruali ya kukata miguu. Ndiyo kwanza ametimiza miaka kumi na minane. Sijamaliza hata kupima, akauliza: "Mjomba, 2027 sisi twapigia chama gani?"

Sisi. Kana kwamba kura ni sinia la pilau, kila mtu atie mkono wake mle mle.

Sikumlaumu, maana nami nilipiga hivyo. Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Mombasa. Mwaka 2013, Wakenya tulipopewa karatasi sita kwa mara ya kwanza (rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi), nilikuwa nimemaliza wiki tatu nikishonea chama kimoja bendera na kofia za kampeni. Chama nakistahi, sikitaji. Nilipoingia kituoni nikatafuta nembo ile ile niliyokuwa nikiidarizi usiku na mchana, nikaitia alama mara sita bila kusoma jina hata moja. Vipande sita, suti kamili. Walinilipa nusu ya pesa zangu, na nusu ya pili naingoja hadi leo. Mwakilishi wadi niliyemchagua siku hiyo sikuwahi kumtia machoni.

Masika yaliyofuata, mfereji wa mbele ya duka ulifurika. Maji yaliingia hadi chini ya cherehani na kitambaa cha kanzu cha wateja wawili kikaharibika. Nikafunga duka, nikaenda afisi ya mbunge kulalamika. Nilikaa foleni karibu saa nzima. Kijana wa pale alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia: "Mzee, mifereji si yetu. Hiyo ni ya kaunti."

Basi haya ninayoyaeleza nilianza kuyafuata tangu siku hiyo, na ndiyo niliyomwonyesha mpwa wangu.

Chukua daftari. Vyama viache kwanza. Andika mambo yanayokukera au unayoyataka, kwa maneno yako wewe, si ya redioni. Usiandike "maendeleo" wala "uongozi bora", kwa maana hakuna mgombea anayekataa hayo. Langu la 2022 lilikuwa hivi: mfereji wa mbele ya duka. Dawa za presha za mama, zahanati huandikiwa tukanunue nje. Binti yangu na kitambulisho chake kinachochelewa. Feri ya Likoni ikiharibika wateja wangu wa ng'ambo hawaji. Na kazi za bandarini, maana watu wa kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini, wasipokuwa na kazi hawashoni nguo, na mimi ndiye wa kwanza kujua.

Kisha kando ya kila jambo andika ni kazi ya nani. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na wanasiasa wapenda tupotee. Katiba ya 2010 imegawa kazi hizo katika Jedwali la Nne, kurasa chache tu, tafsiri ya Kiswahili ipo. Zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, taka, mifereji ya maji ya mvua mitaani, uvuvi: kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, vitambulisho, bandari, barabara kuu: serikali ya kitaifa. Feri ya Likoni nayo inaendeshwa na taifa, ingawa kila mgombea ugavana hupiga picha juu yake.

Nikalitazama daftari langu upya. Mambo mawili yalikuwa ya kaunti, matatu ya taifa. Ikawa swali la "chama gani" limevunjika vipande, na kila kipande kina jibu lake.

Sasa karatasi zenyewe.

Ya rais, ile nyeupe, ndiyo ambayo chama na muungano vina uzito zaidi, kwa sababu rais hafanyi kazi peke yake. Anahitaji wabunge wa kumpitishia sheria na bajeti. Uliza mambo ambayo rais kweli anaweza kuyageuza. Mfano wetu Mombasa ni bandari. Mwaka 2019 lilitoka agizo la kupeleka makasha bara kwa reli ya SGR, kazi nyingi za kliaringi zikahamia huko, na hapa mjini maduka yakahisi. Katika kampeni za 2022 jambo hilo likaahidiwa kugeuzwa, na siku ya kuapishwa, 13 Septemba, Rais Ruto akatangaza kazi hiyo irudi Mombasa. Iwe ulimpenda au hukumpenda, ahadi ya aina hiyo inapimika: mwenye kuahidi ana uwezo nayo, na waweza kwenda bandarini Kilindini ukajionea imetimia kiasi gani. Ifananishe na mgombea urais anayekuahidi kuzibua mtaro wa mtaani kwako.

Wengi huniambia, "Fundi, chama changu ni kidogo, kura itapotea." Kwa karatasi ya rais hesabu si hiyo. Mshindi hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Akikosa, kuna duru ya pili. Mwaka 2013 mshindi alivuka kwa asilimia 50.07, na 2022 kwa 50.49. Kwa ukingo mwembamba hivyo, kura za vyama vidogo zingetosha kutupeleka duru ya pili. Kwa karatasi tano zilizobaki hakuna nusu wala robo; mwenye kura nyingi kuliko wenzake amepita. Huko mkigawa kura zenu kwa wagombea watatu wazuri, wa nne mbovu hupita katikati yenu.

Ya gavana naipa muda mrefu kuliko zote, na nina sababu. Tarehe 9 Agosti 2022 sisi wa Mombasa hatukupewa karatasi hiyo. Zilichapishwa na makosa, uchaguzi wa gavana ukaahirishwa, hapa na Kakamega pia, tukarudi kituoni 29 Agosti kwa karatasi moja tu. Zile wiki tatu zilinifunza kuliko mikutano yote. Rais ameshatangazwa, kelele zimepungua, na watu waliokuwa wakija dukani kubishana kuhusu Nairobi wakaanza kubishana kuhusu taka za Kibarani, dawa na kodi ya vibanda. Sikuwahi kusikia hayo dukani mwangu wakati wa kampeni. Tangu hapo nimejiwekea zoezi: siku ninapofikiria gavana najifanya ndiyo karatasi pekee nitakayopewa.

Kama gavana aliyepo anarudi tena, au chama chake kinaleta mwingine, usisome ilani kwanza. Soma alichofanya na pesa. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kila kaunti, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye hutoa zake. Zote zi wazi kwenye intaneti. Zina lugha ngumu, kweli. Mimi natafuta kitu kimoja: sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Angalia kaunti yako imetumia kiasi gani hasa, si ilichopanga. Mimi husomewa na binti yangu kwa simu huku nikipiga pasi, tunamaliza kaunti moja kwa chai moja.

Ya mwakilishi wadi wengi huitia alama kwa haraka, nami nasema ndiyo iliyo karibu na mlango wako. Mombasa ina wadi 30. Hawa ndio wanaopitisha bajeti ya kaunti, ndio wanaomhoji gavana, na hoja ya kumng'oa gavana huanzia kwao kabla ya kufika Seneti. Kwa hiyo jiulize: chama cha gavana ninayemtaka kikiwa na wawakilishi karibu wote, nani atamwuliza maswali? Na wakiwa wote wa upinzani, bajeti itapita lini? Mimi hupenda mchanganyiko. Jirani yangu muuza viatu hataki kusikia hilo; asema nyumba yenye wazee wawili hakupikwi. Tumeishi na ubishi huo miaka kumi.

Ukitaka kumpa mgombea huru, mpe, lakini jua jambo moja. Bungeni na katika mabunge ya kaunti kuna viti maalumu vya wateule, wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, na vyama hugawiwa viti hivyo kulingana na viti vilivyoshinda. Mgombea huru hana orodha ya wateule. Kiti chake ni chake tu. Hilo halimzuii kushinda: eneobunge la Nyali, hapa Mombasa, mwaka 2017 walimpeleka bungeni mgombea huru, Mohamed Ali, wakati kaunti yenyewe ilimrudisha gavana wa chama cha ODM. Watu wale wale, kituo kile kile, na hakuna aliyeona ajabu.

Mbunge hutunga sheria na ana mfuko wa maendeleo wa eneobunge, NG-CDF, unaojenga madarasa na kutoa basari. Muulize orodha ya waliopata basari, si idadi, orodha. Mwakilishi wa kike ana mfuko wake pia wa vikundi. Seneta hana mfuko wa miradi kama huo, kwa hiyo akikuahidi kisima mwache aende zake. Kazi yake ni kulinda pesa za kaunti: mwaka 2020 maseneta walivutana vikao kadhaa juu ya hesabu ya kugawia kaunti fedha, na kila kaunti iliona seneta wake alisimama wapi. Yaliyosemwa bungeni yote yamo katika Hansard, kumbukumbu rasmi za bunge. Ukikosa jina la mtu wako humo kwa miaka mitano, umeshapata jibu.

Sasa muungano, na hapa nisikilize vizuri. Kura unampa mtu wa chama, lakini chama kinaweza kuwa kimeolewa, na kinaweza kuachika. PAA, chama kilichozaliwa huku kwetu Pwani chini ya Amason Kingi, aliyekuwa gavana wa Kilifi, mwaka 2022 kilitia saini na muungano wa Azimio mwezi Aprili, na Mei kikawa upande wa wapinzani wao, muungano wa Kenya Kwanza wa Ruto. Kulikuwa na vingine vilivyohama baada ya kura kuhesabiwa. Sisemi ni kosa. Vyama hutafuta riziki kama sisi. Lakini ukimpenda mgombea wa chama kidogo kwa sababu ya mgombea urais anayemuunga mkono, muulize mbele za watu: mkikosa serikali, mtabaki? Mtazame anavyomeza mate kabla ya kujibu.

Kuna jambo jingine ambalo mpwa wangu hakulijua. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu sana, uchaguzi wenyewe huamuliwa kwenye mchujo, miezi kabla ya Agosti. Ukingoja siku kuu umekuta sahani imeshapakuliwa. Basi kama kuna chama unachokiona kinakufaa, jiunge mapema, maana vyama vingi huruhusu wanachama tu kupiga kura ya mchujo, na uulize kama kutakuwa na kura kweli au tiketi ya moja kwa moja. Hata kama hutaki chama, angalia kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama umeandikishwa. Mimi nilijikuta mwanachama wa chama ambacho sijui hata afisi zake ziko wapi, nikajitoa papo hapo.

Na zile fulana, leso na noti zinazopita usiku? Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inamshika mtoaji na mpokeaji vile vile. Nashona bendera za vyama vyote, kwa risiti na malipo ya mbele siku hizi, lakini leso ya bure haiingii nyumbani kwangu. Mke wangu alinuna mwanzoni, kwa kuwa zile za 2017 zilikuwa na mji mzuri, yale mapambo ya katikati.

Baba yangu alinihadithia 1988, wakati wa mlolongo: unasimama mstarini nyuma ya picha ya mgombea, chifu anakutazama, mwajiri wako anakutazama, nawe unamtazama aliye mbele. Sasa unaingia peke yako nyuma ya kile kikaratasi kigumu, hakuna anayekuona. Kwa hiyo mpwa wangu aliposhikilia, "Lakini wewe utampa nani?" nilimwambia avae suruali aone kama inamkaa.

Nikampa daftari la zamani la vipimo lenye kurasa tupu nyuma. Jana alilirudisha limeandikwa mambo manne. Taa za barabarani kwao Kisauni. Ada ya chuo cha ufundi. Polisi wanaowasimamisha kila jioni. La nne aliandika "kazi", akalikata, akaandika "leseni ya tuktuk inachukua muda mrefu". Kando ya taa ameandika "kaunti", kando ya polisi "taifa", chuo ametia alama ya kuuliza kwa kuwa hajui chake ni cha nani, na tuktuk ameacha wazi. Nilimtuma aende akaulize afisi zenyewe kabla ya kunirudia. Suruali iko tayari, shilingi mia mbili, hajalipa.