Somo: Dar hadi Iringa kwa gari la kulala, na namna ya kupanda mlima Kitonga bila kuchemsha injini

Wakuu, safari hii ni kama kilomita 500 za lami, na inafaa sana kwa gari la kulala ndani, iwe Hiace iliyotolewa viti na kuwekwa kitanda au Land Cruiser yenye hema juu. Ninachosisitiza ni kimoja: vituo vya kutalii viwe palepale gari linapohitaji kupumzika. Matatizo mengi utayakuta yakiwa bado madogo.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka
Punguza mzigo. Lita 100 za maji ni kilo 100, kwa hiyo tenki la kuogea lijazwe Iringa. Bakiza madumu mawili ya maji safi kwa ajili ya rejeta. Pima upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango cha gari lenye mzigo. Kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha minya mipira ya rejeta kwa vidole. Uliovimba, wenye nyufa au uliolegea kama ndizi mbivu ubadilishwe leo. Koki ya mtungi wa gesi ifungwe muda wote gari linapotembea.

Hatua ya 2: Morogoro na Mikumi
Ondoka alfajiri. Morogoro kunywa chai ukiitazama milima ya Uluguru, jaza mafuta na uzunguke gari ukikagua matairi, maana mbele barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Twiga, tembo na nyati utawaona dirishani. Fuata vibao vya mwendo; ukigonga mnyama kuna faini, na usiku usipite kabisa.

Hatua ya 3: Ruaha Mbuyuni
Hapa simama hata kama hujachoka. Kuna mibuyu mikubwa, mto Ruaha Mkuu, na vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Ni bondeni na joto ni kali, na mlima uko mbele. Fungua boneti, acha injini ipoe, angalia maji kwenye chupa ya akiba, chungulia chini kama kuna tone.

Hatua ya 4: Kitonga
Zima kiyoyozi. Ingia gia ndogo mapema, usisubiri gari lianze kukwama. Weka nafasi nyuma ya lori na usilipite kwenye kona. Mwendo wa polepole hauui injini, papara ndiyo inayoua. Mshale wa joto ukianza kupanda, fungua hita na feni yake mpaka mwisho. Kabini itakuwa tanuri, lakini joto linatoka kwenye injini. Ukikaribia alama nyekundu, au ukiona mvuke, tafuta upana wa barabara usimame na uzime. Handibreki, jiwe nyuma ya tairi, pembetatu mbali nyuma ya gari. Wenzetu wa malori hukata matawi na kuyapanga barabarani; ukiyaona, punguza mwendo, mbele kuna gari limekwama.

Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyo ndani yana mgandamizo na yatakurukia usoni. Ukifungua, tumia kitambaa kinene, zungusha kidogo kidogo, na ujaze taratibu. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Hatua ya 5: Juu ya mlima
Ukishapita Ilula kwenye nyanya, simama Lugalo. Hapo ndipo Wahehe wa Chifu Mkwawa walipokishinda kikosi cha Wajerumani mwaka 1891. Kagua maji tena. Iringa lala siku mbili: nenda Kalenga ukaone fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha Isimila, kwenye zana za mawe za kale na nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko. Isimila nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikipata pancha katikati ya Mikumi?*
Usishuke kienyeji. Washa taa za hazadi, sogea polepole hadi mahali peupe unapoona pande zote, hata kama rimu itaumia. Piga simu getini. Namba iwe kwenye simu yako kabla ya kuingia. Ikibidi kubadilisha, mmoja afanye kazi, mwingine atazame pori tu.

*Asubuhi gari haliwaki, friji ililala ikiwaka.*
Friji inakula betri ya kuwashia. Weka betri ya pili inayojitegemea. Kwa sasa omba kuboostiwa kwa betri nzima ya gari jingine: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lako, mbali na betri.

*Kurudi je, breki zangu zilinuka kuungua.*
Kushuka Kitonga tumia gia ileile ndogo uliyopandia. Gari la otomatiki weka 2 au L. Breki ikanyagwe kwa vipindi, usiilalie. Pedali ikiwa laini, simama zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji, na Mikumi mjini fundi afungue matairi aangalie pedi kabla hujaendelea.