Siku Moja ya Wawili Ndani ya Zeitz MOCAA: Namna ya Kuipanga

Wenza wengi wanaokwenda Cape Town kwa likizo huirundikia siku moja mambo matatu: Mlima wa Meza asubuhi, Kisiwa cha Robben, alikofungwa Nelson Mandela, mchana, na makumbusho ya sanaa jioni kabla ya chakula. Katika mpango wa namna hiyo makumbusho ndiyo huumia, kwa kuwa huachwa mwisho, wakati miguu imeshachoka na macho hayana hamu tena. Mwongozo huu unapendekeza kinyume chake, yaani saa bora za siku zipewe Zeitz MOCAA, jumba la sanaa ya kisasa ya Afrika lililoko katika bandari ya zamani, eneo la V&A Waterfront, na mkishaingia mtazame kazi chache kwa utulivu badala ya kupita mbele ya zote.

Katika kuchagua siku, anzeni na upepo. Gari la kamba la Mlima wa Meza husimamishwa upepo unapokuwa mkali, jambo la kawaida wakati wa kiangazi, kwa hiyo siku ya kwanza yenye utulivu iwe ya mlima, nayo makumbusho yapewe siku nyingine yoyote, hata ya mvua. Boti za Kisiwa cha Robben huondokea bandari hiyohiyo, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka makumbusho, na ukaribu huo ndio unaowashawishi watu kuunganisha safari hizo mbili. Msifanye hivyo, kwa sababu kisiwa peke yake humeza karibu nusu siku na mtu hurudi na mengi moyoni. Kumbukeni pia kwamba jumba lina siku ya mapumziko katika wiki, na kwamba limekuwa na utaratibu wa kuwaingiza bure raia wa nchi za Afrika Jumatano asubuhi wanapoonyesha kitambulisho. Ratiba hizi hurekebishwa mara kwa mara, hivyo zithibitisheni katika tovuti ya jumba wiki ya safari yenu, na mfike mlango unapofunguliwa.

Kabla ya kutazama picha hata moja, jengo lenyewe lipewe nafasi yake. Lilikuwa ghala la nafaka, lilikamilika mwaka 1924, na kwa urefu wake wa mita 57 liliwahi kuwa jengo refu kuliko yote kusini mwa Sahara. Ndani yake kulikuwa na mapipa 42 ya zege yaliyosimama wima, yakiwa yamesongamana bila kuacha mahali pa mtu kupita. Mbunifu Mwingereza Thomas Heatherwick na wenzake walichukua umbo la punje moja ya nafaka, wakalikuza mpaka likafikia kimo cha mita 27, kisha wakayakata mapipa kufuata umbo hilo, na uwazi uliopatikana ndio ukumbi mnaoingilia. Jumba lilifunguliwa rasmi Septemba 2017. Mkisimama katikati msiishie kutazama juu kama wageni wengi wafanyavyo. Sogeeni mpaka kwenye ukingo mmoja uliokatwa. Uso wa zege ya zamani ni wa kukwaruza na kokoto zake zinaonekana, lakini pale msumeno ulipopita pamesuguliwa mpaka panang'aa, na hapohapo mnaona jinsi ukuta mwembamba wa mwaka 1924 ulivyovikwa zege mpya ili usibomoke ulipokuwa ukikatwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vyumba vya maonyesho vyenyewe ni vyeupe, vya pembe nne na vya kawaida kabisa, na mtu aliyetoka kwenye ukumbi ule moja kwa moja huviona vimepoa. Wapo wanaolalamika kwamba jengo linazifunika kazi zilizomo, na malalamiko hayo yana ukweli wake. Dawa yake ni kulimaliza jengo kwanza. Pandeni kwa lifti ya mviringo, ambayo hupita ndani ya pipa mojawapo, hadi kwenye bustani ya sanamu iliyoko juu, ambako mtakanyaga vioo vinavyofunika midomo ya mapipa. Vioo hivyo vimechorwa alama za El Loko, msanii mzaliwa wa Togo, na kupitia vioo hivyo mtawaona watu wakitembea chini kabisa, mahali mlipokuwa mmesimama muda mfupi uliopita. Asiyependa kimo apite pembeni. Baada ya hapo teremkeni ghorofa kwa ghorofa, jambo ambalo ni jepesi kwa magoti kuliko kupanda.

Sasa linakuja suala la kutazama mkiwa wawili, na hapa ndipo siku huharibika bila mtu kujua sababu. Wenza hutembea bega kwa bega, mwenye haraka akimvuta mwenye pole, au mmoja akigeuka mwalimu na mwingine mwanafunzi. Afadhali mtengane. Mkifika kwenye ghorofa wekeni muda, tuseme dakika 25, kila mmoja azunguke peke yake na achague kazi moja tu, iwe imemvutia au imemkera, kisha mkutane kwenye ngazi mkapelekane kila mmoja kwenye kazi ya mwenzake. Aliyepelekwa ndiye aanze kusema, na aseme kwanza anachokiona: kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani, mkono wa msanii unaonekana wapi. Maoni yaje baadaye, na kibao cha maelezo kisomwe mwisho, maana ukikisoma mwanzo utabaki kutafuta ukutani kile ulichoambiwa ukione.

Maonyesho hubadilika, kwa hiyo msiende na orodha ya kazi mnazotaka kuzikuta. Jizoezeni badala yake kuuliza habari za malighafi, kwa kuwa wasanii wengi wa kisasa wa bara hili huanza kusema kupitia malighafi kabla ya umbo. Nandipha Mntambo, mzaliwa wa Eswatini na mmoja wa wasanii waliopewa maonyesho yao jumba lilipofunguliwa, hufinyanga ngozi ya ng'ombe juu ya umbo la mwili wa mwanamke mpaka ikauke na kusimama yenyewe, mwenye mwili akiwa hayumo. Ukiinama karibu unaona manyoya na madoa ya mnyama. Mmoja wenu huenda akaona vazi la sherehe, mwingine akaona ng'ombe wa mahari, na mazungumzo yatakayofuata hayatahitaji mtaalamu. Vivyo hivyo Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha magome ya mti kutoka Uganda, ambacho matundu na mishono yake huachwa ionekane ndani ya picha.

Kazi za video zinahitaji subira ya aina yake. Tazameni kwenye kibao zinachukua dakika ngapi kabla ya kuketi, na mkiingia katikati kaeni mpaka pale mlipoanzia pajirudie. Mmoja akitaka kutoka, atoke bila maelezo. Baadhi ya kazi hubeba ukatili, utupu au machungu ya ubaguzi wa rangi, na si haki kumbana mwenzako asimame mbele ya kitu kinachomuumiza eti kwa kuwa tiketi imelipiwa.

Kuhusu picha za simu, kubalianeni mapema: pigeni zenu mbili tatu ukumbini, kisha simu zirudi mfukoni. Msitumie mmweko wa kamera (flash), na mikoba mikubwa iacheni mapokezi.

Baada ya saa moja na nusu hivi macho huchoka hata kama mioyo haijachoka. Ulizeni mapokezi kama tiketi inawaruhusu kutoka na kurudi siku hiyo, nendeni mkale karibu na maji, kisha mrudi kwa ghorofa moja au mbili tu. Zilizobaki ziacheni.

Jioni andikeni majina ya wasanii wawili au watatu mliobishana juu yao. Mkirudi Nairobi, ulizieni maonyesho ya Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoanzishwa na Armitage mwaka 2020. Walioko Dar es Salaam wana Nafasi Art Space, ambako mgeni anaweza kuwakuta wasanii wakiwa kazini na kuwauliza wenyewe.