Namna ya Kuitazama Goldfinger kwa Makini: Vifaa, Waigizaji na Muziki

Anayetaka kuielewa filamu ya kijasusi kwa undani hana budi kuitazama zaidi ya mara moja, kwa sababu mara ya kwanza akili yote huchukuliwa na kisa. Kwa zoezi hili ninapendekeza Goldfinger, iliyoongozwa na Guy Hamilton na kuoneshwa kwa mara ya kwanza jijini London mwezi Septemba 1964, kwa kuwa karibu kila jambo linalomshangaza mtazamaji ndani yake limetayarishwa mapema, mbele ya macho yake mwenyewe. Itazame mara ya kwanza kwa raha, bila kuandika chochote. Baada ya siku mbili tatu, irudie ukiwa na daftari.

Anza na vifaa, maana ndivyo vinavyoonesha matayarisho hayo kwa uwazi zaidi. Simamisha filamu pale Q, mtaalamu wa vifaa wa majasusi anayeigizwa na Desmond Llewelyn, anapomkabidhi James Bond, jasusi wa Uingereza na shujaa wa filamu, gari aina ya Aston Martin DB5, na uandike kila kifaa katika mstari wake: vibao vya namba vinavyozunguka, vioo visivyopenya risasi, moshi, mafuta ya kumwaga barabarani, bunduki zilizofichwa mbele ya gari, ramani inayomulika mahali alipo anayefuatiliwa, na mwisho kiti cha abiria kinachofyatuka kupitia paa kwa kubonyeza kitufe chekundu kilichofichwa kwenye kirungu cha gia. Kisha endelea kutazama, na kila kifaa kinapotumika, andika dakika yake pembeni. Utaona kwamba ramani ndiyo inayomwongoza Bond hadi Uswisi, ilhali moshi, mafuta na kile kiti vinasubiri hadi usiku ule wa kufukuzana kiwandani. Kifaa kinachozuka ghafla, bila mtazamaji kukifahamu, huonekana kama muujiza uliobandikwa ili kumwokoa shujaa. Kifaa kilichosubiriwa humpa mtazamaji furaha ya kuona ahadi ikitimizwa.

Usiishie kuhesabu, hata hivyo. Chunguza pia kinachotokea vifaa vinaposhindwa, kwani pamoja na silaha zote hizo Bond anagonga ukuta na kukamatwa, kisha anafungwa juu ya meza huku mwali wa leza ukimkaribia. Katika riwaya ya Ian Fleming ya mwaka 1959, ambayo filamu hii ilitokana nayo, palikuwa na msumeno mahali hapo. Leza ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1960, kwa hiyo watazamaji wa 1964 walikuwa wakioneshwa kitu kipya kabisa. Na kinachomwokoa Bond si kifaa hata kimoja, bali jina la mpango wa siri alilolisikia muda mfupi kabla, akiwa amejificha. Rudi nyuma uitafute sehemu hiyo na kuiandika katika orodha ileile ya vifaa. Kwa maoni yangu ndiyo silaha iliyotayarishwa kwa ustadi kuliko zote.

Kwa upande wa waigizaji, njia bora ni kutenganisha mwili na sauti. Gert Fröbe, Mjerumani anayemwigiza Auric Goldfinger, adui wa Bond, hakuwa na Kiingereza cha kutosha, na sauti tunayoisikia ni ya mwigizaji mwingine, Michael Collins. Zima sauti katika mchezo wa gofu na umtazame Fröbe peke yake: jinsi anavyokodoa macho na jinsi hasira inavyompanda anapogundua kwamba ameshindwa. Kisha rudia sehemu hiyohiyo ukiwa umeipa skrini kisogo, usikilize sauti tu. Waliozoea filamu zilizoingizwa sauti za Kiswahili wataitambua haraka kazi ya watu wawili kuunda mtu mmoja. Harold Sakata, anayemwigiza Oddjob, mtumishi na mlinzi wa Goldfinger, hana karibu neno lolote la kusema. Yeye alishinda nishani ya fedha ya kunyanyua vyuma kwa ajili ya Marekani katika Olimpiki ya London mwaka 1948, na uzito wa mwili huo ndio unaozungumza kwa niaba yake.

Muziki uuache hadi mara ya tatu. Sikiliza kwanza wimbo wa ufunguzi ulioimbwa na Shirley Bassey, mara mbili au tatu, mpaka uweze kuivumisha tuni yake bila maneno. Mtunzi wake, John Barry, ndiye pia aliyetunga muziki wa filamu nzima, na mara nyingi huirudisha tuni hiyohiyo ikiwa imepunguzwa mwendo au imepewa ala nyingine. Weka alama kila inaporudi, na uandike nani yuko kwenye skrini wakati huo.

Malizia kwa kufuata kitu kimoja tu, kofia ya Oddjob, tangu inapokata kichwa cha sanamu kwenye klabu ya gofu hadi inaponasa kwenye nondo ndani ya Fort Knox, ghala la dhahabu la Marekani. Kila inaporushwa, tega sikio: Norman Wanstall alipata tuzo ya Oscar kwa milio aliyoiandaa katika filamu hii. Pale Bond anapoziunganisha nondo hizo na waya wa umeme, andika katika safu tatu unachokiona kwa mwigizaji, unachokisikia, na kifaa kilichotumika.